Pua ya Baba

Kiwandani hakuna aliyemwita baba yangu kwa jina lake. Walimwita Pua. Yeye ndiye aliyechanganya divai yetu nyekundu kwa zabibu za aina tatu: Kabernei ya mteremko wa mawe, yenye ukali wa kukausha ulimi; Merlo ya bondeni, ya kuutuliza ukali huo; na Sira kidogo, kwa harufu ya pilipili manga. Sifa yake ilikuwa moja: mbele ya wageni hanywi, ananusa tu. Mimi nilikuwa muosha matangi. Elimu ya darasa la saba, buti za mpira, brashi.

Tangu homa ya mwaka jana, Baba hanusi kitu, hata sabuni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Kila asubuhi, kabla watu hawajaingia, nilipanda ngazi za matangi nikaonja, kisha nikamweleza, naye akapanga vipimo kichwani. Wageni wakija, glasi nilizipeleka mimi: divai nzuri mkono wake wa kulia, iliyoharibika wa kushoto. Hatukukosea hata mara moja.

Siku alipokuja mnunuzi wa hoteli, bosi alinizuia mlangoni.

"Leo namimina mwenyewe. Wewe shika kitambaa, simama pale."

Akaweka glasi moja, katikati ya meza. Baba akaitazama kama mgeni kwenye njia panda. Akaizungusha, akaingiza pua, akafumba macho kama zamani.

"Imetulia," akasema. "Hii mpe mtu na nyama ya kondoo ya kuoka, au jibini ngumu. Samaki usimwekee, utamwonea."

Mnunuzi akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa hatua nne kutoka mezani, na harufu ilishanifikia.

"Na wewe, binti," bosi akasema, "unasemaje?"

Nikakunja kitambaa. Nikakikunjua. Nikisema kweli, nimemzika mzee wangu. Nikimuunga mkono, tunatoka wote wawili getini.

Baba hakugeuka. "Sema ulichonusa, mwanangu."

"Siki, bosi."

"Siki ya jikoni! Fundi pampu aliniambia anakuona kwenye ngazi alfajiri, nikambishia." Bosi akamgeukia Baba. "Mzee, pua isiyonusa ni pambo la uso tu."

Mnunuzi akatazama saa yake.

Bosi si mtu mbaya; mwenyewe husema hivyo. Hakumfukuza Baba. Alitubadilishia nafasi tu. Jioni ile Baba alizijaribu buti zangu, zikambana, akasema, "Ngozi ya mguu nayo hujifunza."

Wiki iliyofuata mnunuzi alirudi. Nilikaa kwenye kiti cha Baba, nikazungusha glasi. Nyuma yangu, ndani ya tangi la pili, brashi ilikuwa inasugua, kwaru, kwaru.

"Itaendana na chakula gani?"

"Nyama ya kondoo ya kuoka," nikasema, "au jibini ngumu." Sijawahi kula hata kimoja nikiwa na glasi ya divai mkononi. Ni maneno yake yote, sina mengine.

Brashi ikanyamaza.

"Samaki usimwekee," nikamalizia, "utamwonea."

Mnunuzi akacheka, pale pale alipocheka mara ya kwanza. Nikasubiri. Ilichukua muda kabla brashi haijaanza tena.