Daftari la Baridi

Profesa Zadock, Mkenya, alipanga nyumba kando ya bahari, nje ya Durban, ili ahesabu wanyama wa majira ya baridi. Mimi, Marie-Louise wa Bukavu, nilikuwa mpishi wake. Akanipa na daftari la kujaza: saa, mnyama, idadi, anafanya nini.

"Usiruke kitu, mama," alisema. "Sayansi haichagui."

Basi nikaandika. Juni nzima ya 1998: upepo wa kusini, nyuzi kumi na moja, nyangumi wawili wakipita mbali. Na kila asubuhi, tumbili saba wakiingia jikoni, kwa sababu Profesa alikataza dirisha lisifungwe na wao wasifukuzwe.

"Profesa, makako iko anakula mkate yetu!"

"Hapa ni kwao, mama. Sisi ndio wageni. Anayemrushia mnyama jiwe ni mshenzi."

Alikuwa anakunywa chai bila sukari. Sukari walishaibeba wenyeji.

Haya, mshenzi ni mimi. Niliweka jiwe langu chini, nikaendelea kuandika.

Julai baridi ilikaza. Asubuhi moja Profesa alikuwa uani na darubini machoni, anasubiri nyangumi, nikasikia ukelele. Tumbili alikuwa juu ya paa, amevaa ile kofia ya sufu ambayo mama yake Profesa alimfumia kule Kisii.

Nilichukua daftari. Sayansi haichagui.

"Saa mbili na robo. Baridi kali. Mkenya mmoja, dume, mtu mzima. Anarusha mawe. Amekosa yote."