Bonyeza Tena, Mama

Uvumi ulimkuta mama karoni, mikono imezama kwenye mapovu: ufadhili wa pale chuoni kwa bintiye huwa na mwenyewe kabla haujatangazwa. Aliyeuleta ni mfua nguo mwenzake, mdomo wake haupoi.

"Wanatangaza kama nyumba ya kupanga, shoga, na mpangaji keshahamia na godoro."

Mama alicheka. Lakini neno lilimganda kama utomvu wa ndizi kwenye shati jeupe.

Bintiye alikuwa na shahada ya pili, akitafuta ufadhili wa shahada ya uzamivu: kusomea namna watu na kompyuta wanavyoelewana, au wasivyoelewana. Somo lilianzia nyumbani. Sabuni na dawa ya madoa vilikuwa vimelamba ncha za vidole vya mama hadi zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ya zahanati, inayosoma alama za vidole, ilimkataa. Akarudi bila dawa za presha. Binti aliyaandika hayo yote, na namna ya kutengeneza mashine zinazoitambua mikono kama ile.

Profesa mwenye kusimamia ufadhili akamwambia, "Niletee andiko nilipigie jicho kabla ya kamati."

"Usimpe lote," mama alisema.

"Mama, bila huyo sisogei. Nikimficha, nimejifungia mlango mwenyewe."

Mama akarudi kwenye ndoo yake. Yeye aliishia darasa la saba, angemwambia nini msomi?

Binti akampelekea lote. Profesa hakujibu, wiki kwa wiki. Kisha matokeo yakabandikwa. Aliyepata ni mpwa wa profesa, kijana mpole wa viatu vyeupe. Angetafiti mashine na mikono iliyochakaa.

Binti alikwenda kuuliza.

"Wazo halina mwenyewe, binti yangu," profesa alisema. "Nafasi ya msaidizi ipo. Na mama yako tunamhitaji. Ukikataa sawa, ila kwingine nani atakuandikia barua ya kukupendekeza?"

Profesa na mpwa wakaja nyumbani na kamera kurekodi utafiti. Mama hakuwa amefua juma zima, na alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Mpwa akaweka mashine kama ile ya zahanati juu ya ndoo iliyofunikwa. Binti akapewa taa ashike.

"Shikamoo mama. Weka kidole."

"Marahaba." Akaweka. Mashine ikalia, ikawaka kijani.

"Imenijua!" Mama alicheka hadi pengo likaonekana. "Mwanangu, imenijua!"

Profesa alitazama saa. "Hii haitufai. Mama, hebu osha mikono kwa ile sabuni yako ya kazi, tuanze upya. Tunataka ikukatae."

Mama alimtazama bintiye. Binti aliinamisha macho, taa hakuishusha.

Mama akachota sabuni, akasugua. Akaweka kidole. Nyekundu.

"Safi sana," mpwa alisema. "Bonyeza tena, mama."

Wewe mwenye mtoto msomi, shika haya:

Mtoto asitoe andiko zima kwa mgawa ufadhili mwenye ndugu anayeutafuta.

Asilipeleke peke yake, ofisini mlango umefungwa.

Asikubali "nitakusaidia" ya mdomoni.

Usimfungulie mwenye kamera kabla hujajua kazi itatoka kwa jina la nani.

Asitegemee barua za mtu mmoja. Na kama ni huyo mmoja tu aliyepo, hapo sijui umwambie nini.