Hatua ya Kumi na Nane

Siku ya kuhamishia mfumo mpya kwenye seva za kazi, mmoja husoma hatua, mwenzake huchapa. Mchapaji habishi, ruhusa yake ni kusema "soma tena" tu. Utaratibu huo aliuleta mchapaji mwenyewe, mwanamke fundi wa kompyuta pale kwenye ghala la dawa, kutoka masomo ya jioni. Na msomaji wake alikuwa mwanafunzi mwenzake yule yule waliyekaa naye dawati moja huko, aliyemshikia mtoto mchanga nje ya chumba ili yeye afanye mtihani. Mtoto sasa ana miaka minne, anamwita Mjomba.

Jumamosi asubuhi walikaa bega kwa bega. Chini ya mfumo kulikuwa na kanzidata ya ghala, juu skrini za maduka ya dawa, na katikati tabaka alilolijenga yeye kwa miezi minane ili hizo mbili zielewane.

"Kumi na saba," Mjomba alisoma. "Hamisha mafaili ya tabaka la kati."

"Tayari."

"Taratibu, mama. Hiyo kibodi imekukosea nini?"

Akacheka, vidole vikiwa mbioni.

"Kumi na nane. Futa mtumiaji sifuri nne saba."

Alishachapa sifuri na nne ndipo akaondoa vidole kwenye kibodi. Sifuri nne saba ni yeye.

"Soma tena."

Mjomba akasoma tena, sauti imepungua. Chini ya karatasi palikuwa na sahihi ya meneja, ya Jumatano. Jumatano hiyo hiyo Mjomba alikula kwake, mtoto kampakata.

"Ulijua tangu Jumatano."

"Nafasi imebaki moja, dada. Meneja aliuliza nani anaweza kuuendesha mfumo peke yake, nikasema mimi. Nina watu wananitegemea nyumbani."

"Mimi nafuga paka?"

Mjomba akainamia karatasi.

"Basi nisikilize. Tabaka la kati linawaka kwa nambari yangu. Wewe ndiye uliyesema tuiweke kwa muda, tutabadilisha baadaye. Ukinifuta sasa, haliwaki."

"Usinitishe."

"Sikutishi. Nakuelekeza, kama kule darasani."

"Mchapaji habishi. Sheria yako hiyo."

Akachapa saba, akabonyeza. Kompyuta ikamtoa pale pale. Akamsogezea Mjomba kibodi.

Mjomba akajisomea kumi na tisa, akajichapia. Kanzidata ikaitika. Skrini za juu zikawaka, nzuri kweli kweli. Katikati, kimya. Akasoma mara ya pili, ya tatu, kidole kikifuata mstari.

"Fanya kitu, dada."

"Kwa nambari gani?"

Alichukua mkoba wake na kikombe chake, akashuka ngazi. Hata kazi haikumuuma kama lile neno dada. Na nyumbani mtoto alikuwa ameshaweka viti vitatu mezani, kimoja cha Mjomba, na tangu asubuhi hakubali mtu akikalie.