Miaka Mia ya Mzee Tsanko

Siku ya mapumziko ya Nevyana ilikuwa moja tu kwa juma, na juma hilo iliangukia Jumamosi. Akaamka na orodha yake: dawa ya presha ya kumtumia mama kule Vidin, kifurushi posta, viatu kwa fundi, jibini na pilipili hoho sokoni. Mambo manne tu, lakini alivyojitayarisha ungedhani anakwenda Hija. Usimcheke. Mtu akikaa mwaka na nusu chumba cha nyuma, hedifoni masikioni, akiwajibu Wajerumani waliopotelewa na mizigo viwanja vya ndege, hata ngazi za jengo lake mwenyewe huwa ugenini.

Akashuka ghorofa nne mbiombio, akausukuma mlango mkubwa wa chini kwa bega, macho kwenye simu. Mlango ule ndio gazeti la jengo: maji yatakatika lini, nani anauza kabati, nani amekufa. Mtu wa mji huu wa Pleven husoma mlango kwanza ndipo aushike. Nevyana hakusoma. Hakuwa amesoma kwa muda mrefu.

Na tuseme kweli, alifurahi. Jua la Oktoba lilikuwa limetoka, posta hapakuwa na foleni, na mwuza dawa alimkumbuka kwa jina. Fundi viatu Kuzman alipomwona akapiga makofi.

"Lo! Nevyana! Sisi tulidhani umeolewa Ujerumani!"

"Ujerumani ndiyo imekuja kunioa nyumbani, mzee Kuzman."

"Basi iambie ikutoe nje, umepauka kama jibini." Akakigeuza kiatu, akakitazama soli. "Na jirani yako, Mama Rayna, anaendeleaje?"

"Hajambo, mzima kabisa," akajibu Nevyana pale pale, japo hakukumbuka mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini. Uongo mdogo wa adabu, nani hausemi?

Kuzman akamtazama. "Haya. Mungu ampe nguvu."

Nguvu za nini? Nevyana alijiuliza, lakini hakumwuliza fundi. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila aliona haya kuonekana hajui habari za mtu wa mlango wa pili. Akaenda zake sokoni.

Aliporudi, mikono miwili imejaa mifuko, akamkuta Mama Rayna mwenyewe mbele ya jengo. Kwenye benchi kulikuwa na kisahani cha chokoleti, biskuti, na sinia lililofunikwa kitambaa. Pembeni yake alikaa Pavlina wa ghorofa ya chini, yule ambaye hata paka wa jengo wanamwogopa. Mama Rayna alivaa nyeusi, lakini tangu dada yake afe miaka hiyo hakuwahi kuvua nyeusi, kwa hiyo nguo hazikumwambia Nevyana kitu. Kilichomwambia ni chokoleti. Kila Oktoba mumewe, Mzee Tsanko, alipotimiza mwaka mwingine, alipanda na kushuka ngazi na boksi la chokoleti akimlazimisha kila mtu achukue mbili. Mzee wa watu! Ndiye aliyemnolea visu vyake bila kuombwa, ndiye aliyempokelea vifurushi.

Mama Rayna akamnyooshea chokoleti na biskuti.

"Ahsante, mama!" Nevyana alisema kwa sauti ya sherehe, ile sauti ya kazini. "Mzee ametimiza mingapi mwaka huu? Aishi miaka mia! Yuko wapi nimpe mkono?"

Mkono wa Mama Rayna ukabaki hewani. Mwanamke aliyekuwa anapita, amekwishapokea biskuti yake, akageuka kutazama.

"Makubwa haya!" Pavlina akainuka. "Wewe binti unatoka wapi, mwezini? Hebu geuka uangalie mlango unaoingilia na kutokea kila siku!"

Nevyana akageuka. Mzee Tsanko alikuwa anamtazama kutoka kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, kofia yake ya siku zote kichwani. Karatasi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupauka kwa jua. Juu yake walibandika mpya: leo zinatimia siku arobaini. Pavlina akalifunua sinia, na ndani yake ilikuwa ngano ya kuchemsha na sukari, ile ya marehemu, ambayo hata mtoto wa chekechea anajua ukipewa unasema nini.

"Mungu amsamehe," Nevyana akasema. Uso ulimwaka mpaka masikio. Chokoleti ikaanza kuyeyuka kiganjani, hajui aile, aitie mfukoni, ama airudishe.

"Siku arobaini!" Pavlina aliendelea. "Mlango kwa mlango! Na siku ile Rayna alipozunguka akigonga ghorofa zote apate mtu wa kumwinua mzee aliyeanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Mwache, Pavlina," Mama Rayna akasema kwa upole. "Hakuwepo. Alikuwa Vidin kwa mama yake. Nilimgongea, hakuwepo."

Pavlina akaguna, akakaa. Nevyana naye angeweza kushukuru Mungu na kupanda ngazi, mambo yakaisha. Ila hakuwa Vidin. Hakuwa amekwenda Vidin tangu Pasaka.

Alipofika juu akaweka mifuko chini, akakaa sakafuni na koti lake. Kengele ile aliikumbuka vizuri sana. Ilikuwa Jumanne, mwanzo wa Septemba, kengele ikalia mara tatu, halafu ngumi mlangoni. Yeye alikuwa na mteja kwenye simu. Akawaza, Mama Rayna huyo, ameleta chupa za pilipili za kuchoma kama kila Septemba, na akiingia hatoki kabla ya saa nzima. Akaongeza sauti ya hedifoni. Ndivyo alivyofanya! Kwa kidole kimoja. Jioni yake alipofungua mlango hakukuta chupa, akasahau, akala, akalala. Na zile sauti za watu wengi ngazini kesho yake alizichukia kwa kumsumbua kazini.

Angenyamaza, nani angejua? Uongo wenyewe hakuutunga yeye, alizawadiwa tu, tena na mwenye msiba. Lakini mke wa marehemu akuamini hivyo, akutetee mbele za watu, nawe uliacha kufungua! Jibini ilibaki kwenye mfuko bila kupangwa kwenye friji. Alijiona mchafu.

Akasubiri mpaka aliposikia hatua nzitonzito za Mama Rayna zikipanda na sinia tupu. Akafungua mlango kabla woga haujamshika.

"Mama Rayna. Samahani kwa maneno yangu pale chini."

"Yamepita, mwanangu. Tsanko mwenyewe angecheka."

"Kuna jingine. Sikuwa Vidin. Siku ile nilikuwa humu ndani. Kengele niliisikia, nikaacha kufungua makusudi. Nilikuwa na simu ya kazi."

Mama Rayna akaliegemeza sinia ukutani. Alihema kidogo, ngazi zilimchosha.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mlango wako ni mwembamba kama wetu. Nilikusikia. Ulikuwa unacheka."

Nevyana akajishika mdomo. Alikuwa amesahau kicheko, lakini alipotajiwa kikamrudia chote: mteja yule wa Hamburg, mzaha wake wa suruali moja iliyofika Brazili bila mwenyewe. Wakati mzee wa watu amelala sakafuni jikoni kwake, hatua sita kutoka hapo.

"Sasa mbona umenifichia? Ungewaambia! Ningestahili!"

"Ungestahili, ndiyo. Siku zile za mwanzo nilikulaani, wala sikufichi. Nilisimama hapa hapa nikakulaani." Mama Rayna akatafuta ufunguo mfukoni. "Na usiniulize kama angepona. Sijui, na sitaki kujua."

"Basi kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wanangu wote wako Uhispania, na mimi nina miaka sabini na nane. Nikianguka kesho, nitagonga wapi? Kwa Pavlina, ghorofa nne chini? Mlango ulio karibu ni wako. Jengo zima likikunyooshea kidole utanikimbia, utajifungia zaidi." Akautia ufunguo kwenye tundu. "Mimi sihitaji uaibike, Nevyana. Nahitaji ufungue."

Akaingia kwake, akafunga taratibu. Nevyana akabaki ngazini, mtu mzima wa miaka arobaini, akaona haya hata kuushika mlango wake mwenyewe.