Sauti za Chumba cha Pasi

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jengo la dobi, na asubuhi hiyo wanawake walikuwa wananyoosha mashuka ya hospitali huku wakisikiliza maongezi yao ya wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyefungua mdomo. Sauti zilitoka hewani, palepale zilipotamkwa. Moja ilimsema wifi yake kwa ubahili, nyingine ilikuwa inauliza nani kachukua chupa ya kunyunyizia maji. Chupa yenyewe ilishaonekana zamani.

Jambo hili lilikuja polepole. Bosi alipoanza kuchelewesha mishahara kwa siku chache, salamu zao nazo zilichelewa siku chache. Alipofikisha wiki mbili, sauti zikafikisha wiki mbili. Mtu anasema, midomo inacheza, kimya. Neno linafika baada ya muda uleule ambao mshahara umechelewa. Sauti ya bosi haikuwa na tatizo, maana yeye alijilipa kwa wakati. Msimamizi alinung'unika mwanzoni, kisha akaona kazi inakwenda bila kelele, akaridhika. Kuna mwenzao mmoja aliyesusa akaacha kazi, na vichekesho vyake viliendelea kuwavunja mbavu hata baada ya yeye kwenda zake.

Mwanamke wa meza ya dirishani alikuwa na binti wa miaka minane mwenye kifafa. Mtoto akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, hana tofauti na watoto wengine, mdomo haupumziki. Akivikosa, anaanguka. Mwenye duka la dawa alimkopesha, akamkopesha tena, halafu akamwambia bila ugomvi, "Dada, na mimi nina watoto."

Nyumbani mtoto alishazoea. Mama akiwa kazini, sauti yake inatoka karibu na jiko: "Umenawa mikono wewe?" Mtoto anajibu, "Si ulishaniuliza?" Walibishana hivyo mchana kutwa, mmoja wao hayupo.

Hali ilipomfika shingoni, mama alikwenda ofisi ya msaada wa kisheria. Alipokewa na mwanasheria kijana mwenye mafua, akamwandikia shida yake kwenye karatasi. Mwanasheria hakushangaa, alishapokea mlinzi na mwalimu wenye hali hiyohiyo. Akamweleza njia zilizopo. Anaweza kumwandikia bosi barua ya madai na kumpa muda wa kujibu. Anaweza kuacha kazi na kudai kwamba mwajiri ndiye aliyevunja mkataba, ila atasubiri kesi akiwa hana kibarua. Anaweza kwenda kwa afisa kazi, wakae na bosi kwenye usuluhishi, na wakishindwana, mahakama ya kazi.

"Na akikufukuza kwa sababu umelalamika, ni kosa kisheria," mwanasheria alisema, akipenga kamasi. "Watu wanafukuzwa kila siku. Lakini ni kosa."

Barua bosi hakuijibu. Afisa kazi akapanga siku ya usuluhishi, na kulikuwa na sharti moja: mlalamikaji athibitishe malalamiko kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mwajiri. Karatasi haitoshi. Kutikisa kichwa hakumo kwenye utaratibu. Asiposema neno, inahesabiwa kwamba ameridhika.

Basi akafanya kama walivyofanya wote wa dobi wakiwa na jambo zito: akaenda kulisema mapema. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alikwenda ofisini saa ya chakula cha mchana. Karani alimfungulia chumba cha usuluhishi.

"Usikalie hicho kiti cha mwisho," karani alisema. "Nyie wa dobi mnakipenda, mguu wake mbovu."

Alikabili kiti kitupu cha bosi, akasema yote. Alisema kwamba mwezi umeisha na mshahara hajauona, kama kawaida, na kwamba vidonge vya mtoto havijui kawaida. Alisema hataki fidia, anataka tarehe. Alimaliza akiwa amelowa jasho, akarudi kunyoosha mashuka.

Hapo ndipo alipokosea. Alimwamini bosi. Aliamini kwamba mtu aliyezoea kuchelewa wiki mbili atachelewa hizohizo mbili. Safari hii bosi akavuta mpaka wiki ya tano, na sauti zote zilizokuwa njiani zikasogea mbele pamoja na mshahara.

Siku ya usuluhishi afisa kazi alimwuliza kama anathibitisha. Akafungua mdomo, akasema mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wakasubiri. Sauti ya wiki mbili nyuma haikuja, na ya siku ile ndiyo kabisa.

"Mimi na hawa ni familia," bosi alisema. "Dada akiwa na neno, si aseme?"

Afisa kazi akasubiri tena kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akaandika kwamba mlalamikaji ameridhika, akafunga faili.

Vidonge viliisha wiki hiyo. Mama alikuwa akivivunja nusu, kisha robo. Jumamosi alasiri mtoto alianguka katikati ya chumba, na safari hii kutetemeka hakukukoma. Mama alimshika kichwa kisigonge sakafu, akapiga kelele, akawaita watu wa jengo zima, mmoja mmoja. Jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta anamenya viazi, redio imezimwa. Hakusikia kitu. Mama aliogopa kukiachia kile kichwa. Alipokiachia akakimbilia mlangoni, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Walimzika kesho yake. Inauma, na hakuna namna nzuri ya kulisema.

Baadaye mshahara ulitoka, wote kamili. Siku chache mbele, katika chumba cha usuluhishi, katikati ya shauri la watu wengine, ile sauti ikafika. Afisa kazi alinyanyua mkono wote wanyamaze, akaisikiliza hadi mwisho, halafu akamwita mama ofisini.

"Hoja zako ni nzito," alimwambia. "Lakini muda wa kufungua upya shauri umepita. Halafu nimeuliza, umeshalipwa. Sasa unadai nini?"

Alimjibu. Jibu likabaki ofisini likisubiri siku yake.

Kelele za ile Jumamosi zilifika alasiri moja, mama akiwa anakunja nguo za mtoto za kugawa. Jirani alitupa kisu akakimbia. Wakaja watu wa jengo zima, huyu na ndoo ya maji, yule na funguo za gari mkononi. Walijua, wao ndio waliozika. Walikimbia hivyohivyo, wakasimama chumbani wakihema, na kila aliyeitwa akaitika.

Sauti ilipokwisha, mama akafungua mdomo kuwashukuru.

"Tutakusikia, mwenzetu," jirani alisema, akimshika bega. "Hatuhami."

Mshahara wa mwezi ule ulikuwa bado.