Moja ya Njia

Mimi Octave nimekaza bolti miaka thelathini na moja hapa Kasongo, na kipimo changu kilikuwa mkono huu wa kuume. Sikuwahi kuhitaji kingine. Bolti ikilia mara ya kwanza, imeshika. Ikilia mara ya pili, imeshiba. Kisha unaongeza moja ya njia. Kila fundi wa mji huu anaijua hiyo moja ya njia: gari la kwenda Nyangwe unaliongezea mvuto mmoja kwa kila bolti, na la kwenda Kabambare unaliongezea miwili, kwa sababu barabara ya Kabambare haina huruma na mtu wala na chuma. Wenye magari wenyewe husimama hapo kuhakikisha. "Papa Octave, umeshaweka ya njia?" Usipoiweka, mteja haondoki.

Basi mwaka huu Naomie akarudi kutoka Bukavu. Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Mungu hakunipa mtoto wa kuzaa, akanipa huyu, nami nilimlea tangu ana miaka tisa. Alikwenda kusoma ufundi miaka mitatu, akarudi na cheti, ovaroli ya buluu, na kisanduku chembamba kirefu alichokipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Kwa kuwa ni mtu wa kwaya, nilidhani ameleta ala ya muziki.

"Ni kle ya kupima, Papa," akasema, akanitolea spana ndefu yenye namba kwenye mpini. "Unaweka namba, unavuta. Nguvu ikifika, inasema tik. Hapo unaacha."

"Na ya njia?"

"Njia haina namba yake. Mwenye kutengeneza gari alishaiweka ndani ya hesabu."

"Ule mwenye kutengeneza gari alishafika Kabambare?"

Naomie akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, watu wananijua, na hakuna kinachonichoma kama kufundishwa kazi yangu na mtu niliyemfungia kamba za viatu. Lakini mtoto alikuwa fundi kweli. Alisikiliza injini akajua ugonjwa kabla yangu mara tatu katika mwezi mmoja, na nilihesabu, maana ziliniuma.

Shida ilianza na gari la jipu la mteja wangu Mzee Iliasi. Magari yanayofika Kabambare ni ya kuhesabu kwa vidole, watu wengi huko husafiri kwa pikipiki, na jipu hilo ndilo kubwa lao: linabeba wagonjwa, maharusi, mchele, hata kuku wa padri. Giaboksi yake, ambayo sisi hapa tunaiita bwate, ilikuwa inatema gia ya tatu kila mlimani. Tukaishusha, tukaifungua, Naomie akabadilisha beringi mbili na gia moja iliyokuwa imelika meno. Ikabaki kuifunga.

Hapo ndipo aliposimama mbele yangu, mikono imejaa grisi, akasema neno ambalo najua alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Papa, watu wa garage ya Bukavu wamenipigia tena. Wananitaka. Mi nataka kubaki hapa na wewe. Lakini bwate hii nitaifunga mimi, toka bulo ya kwanza mupaka ya mwisho. Mukono wako usiguse. Ukigusa, nakuambia na heshima yote, nitarudi Bukavu. Sitakuwa fundi mahali ambapo kazi yangu inakaziwa nyuma ya mugongo wangu."

"Sitagusa," nikasema. "Mimi mutoto mudogo?"

Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha. Nyumba yangu ilikuwa imekaa kimya miaka mitatu, redio peke yake ndiyo iliyokuwa ikinijibu, na sikutaka kurudi huko.

Jumatano mchana akafunga. Bolti kumi, zile anazoziita bulo, kila moja tik, na akaacha. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikiangalia kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemjua. Tik! Bolti haijalia hata mara moja! Mkono wangu ulikuwa unawasha. Alipomaliza akanawa, akavaa kitenge chake, akaenda mazoezi ya kwaya.

Kesho yake jipu lilikuwa linaondoka, na hapa kwetu fundi aliyefunga gari hupanda gari hilohilo safari ya kwanza. Ndiyo desturi. Kama umefanya vizuri, unakula ugali wa watu bure. Kama umefanya vibaya, unalala porini na uliowadanganya. Kwa hiyo nilikaa pale nikimwona Naomie akilini amepanda lile jipu, linateremka mlima, bolti kumi zimekazwa kwa tik, na hakuna hata moja iliyo na ya njia. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nikasema nitajaribu moja tu, nione imeshika namna gani.

Ilikuwa imeshika vizuri. Hata hivyo nikaiongezea. Na kama umeongeza moja, zingine zitaachwaje? Nikachukua spana yangu ya zamani, nikachomeka bomba kwenye mpini ili mkono uwe mrefu, nikaingia chini ya gari nikimsemesha mwanangu moyoni: hii ya mlima, hii ya mvua, hii ya wewe kufika salama. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Nilikuwa na furaha kama mtu anayekuna upele. Mpaka ya saba. Ya saba ilikaza, ikakaza, kisha ikawa laini.

Fundi yeyote akisoma hapa atashika kichwa. Bolti inapokuwa laini mkononi, meno ya ndani yamekwenda. Bwate ni ya aluminiamu, na aluminiamu haina ubishi na bomba la mita moja. Nilibaki chali chini ya jipu, nikitazama kitu nilichokifanya, na jasho likaniingia masikioni.

Ningeweza kusubiri arudi nimwambie. Badala yake nikachomoa bolti ile, nikaizungushia uzi wa kushonea, nikaipaka gundi ya gasketi, nikairudisha polepole. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko wenzake. Naomie akarudi jioni akiimba sauti ya pili, akapika sombe, yale majani ya muhogo, akanipa kipande kikubwa cha samaki.

"Papa, asante kwa kuniamini," akasema.

Nikamrudisha samaki yule kwenye sahani. Nikamwambia pilipili ni kali.

Asubuhi jipu lilizungukwa na watu. Mzee Iliasi alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Mama Régina, ambaye binti yake alikuwa anaolewa Kabambare Jumamosi, alishapakia magunia matatu ya mchele na kujiweka yeye mwenyewe juu yake, mnene na mwenye furaha, akigawa amri kwa kila aliyepita. Mimi nikasogea nipande badala ya Naomie, kana kwamba ni kawaida. Mzee Iliasi akaninyooshea mkono kunizuia.

"Hapana, Fundi Octave. Leo fundi ni mutoto. Yeye njo amefunga, yeye njo atapanda." Kisha akageuka kwa watu wote, maana anapenda kusema mbele ya watu. "Bwate ikikaa sawa mupaka Kabambare, nitawaambia wenye magari wote huko: fundi ni Naomie. Ikimwaga mafuta njiani, nitajua ni mukono wa nani!"

Naomie akatabasamu, akaweka mguu kwenye ngazi ya jipu. Niliona kile kisigino chake kikipanda, nikaona mlima, nikaona mafuta yanadondoka, na Iliasi akimnyooshea kidole binti wa ndugu yangu porini. Sikufikiri tena.

"Ni mukono wangu!" nikapiga kelele.

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata dereva akazima injini.

"Mukono wako umefanya nini, Papa?" akauliza Naomie, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililoniogopesha zaidi kuliko kama angefoka.

"Nimeongeza ya njia. Zote kumi. Ya saba imekwisha meno."

Akashuka. Hakuniangalia. Akalaza gunia chini, akaingia chini ya gari, na baada ya muda mfupi tukaona mkono wake ukitoka, umeshika bolti ya saba kwa vidole viwili tu, uzi ukining'inia.

"Hii nini?"

"Uzi."

"Wa nini?"

"Ni ule wa kushonea mashati," nikasema.

Mama Régina ndiye aliyeanza. Alicheka juu ya mchele wake mpaka jipu likatikisika, na wengine wakafuata, na mimi nikasimama katikati yao nimevuliwa miaka thelathini na moja. Naomie peke yake hakucheka. Alitoka chini ya gari, macho yana maji.

"Ulisema hutagusa. Papa, ulisema."

"Nilisema. Nikagusa. Nilikuwa naogopa, Naomie. Ni sababu wewe njo utapanda. Ingekuwa mutu mwingine, haki ya Mungu ningeiacha vile ulivyoifunga."

"Kumbe mimi ungeniacha nife?" Mzee Iliasi akaruka.

"Wewe umeishi, Muzee. Huyu bado."

Hapo ikabidi hata Iliasi acheke, lakini Naomie aliuma mdomo, akaenda kuchukua vifaa. Mama Régina akaomba chai. Iliasi akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akatandika mkeka wake kivulini, akatulia.

Ilichukua saa tatu. Naomie alilipanua tundu kwa dirili ya mkono, akachonga meno mapya kwa chombo alichokipaka grisi nzito ili vumbi la aluminiamu linase humo lisidondoke ndani ya bwate. Akatafuta bolti nene zaidi kwenye makopo yangu. Kila alipohitaji kitu alinyoosha mkono bila kusema, na mimi nilimpa. Nilimpa kitambaa, nikampa brashi, nikamshikia taa. Zile tisa zingine alizilegeza zote, mbili akazitupa kwa kuwa nilikuwa nimezinyoosha kama mpira, akaweka nyingine. Nilikuwa chini ya gari naye, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza niliangalia kazi yake kwa macho badala ya kuiangalia kwa kinyongo. Alikuwa akisafisha kila tundu mara mbili. Alikuwa akikaza ya huku, kisha ya ng'ambo, ili bwate ikae sawasawa. Mimi sikuwahi kumfundisha hivyo, kwa sababu sikuwahi kufanya hivyo.

Ya mwisho ikasema tik. Tukatoka, tumejaa mchanga.

"Na ya njia?" akauliza Mzee Iliasi kutoka mkekani.

"Muzee Iliasi!" nikamfokea. "Njia iko ndani ya hesabu! Panda gari!"

Walipanda. Naomie akaweka kile kisanduku chake kirefu kati ya miguu yake. Hakuniambia atarudi, wala hakuniambia hatarudi. Nilishika mlango, nikamwomba msamaha mbele ya watu wote, na si jambo ninalolifanya kila mwaka. Akasema, "Wacha kwanza nifike, Papa." Jipu likaenda, Mama Régina akipunga mkono kama bibi harusi mwenyewe.

Siku zilizofuata sikufaa kitu. Ijumaa nilimfokea mteja aliyenisalimu. Jumamosi niliosha sufuria zote, hata zilizokuwa safi. Kutoka Kabambare kwenda Bukavu mtu anaweza kushika njia yake moja kwa moja bila kupita tena Kasongo, hilo nililijua, na nilikuwa nalijua kila saa. Simu yake haikupatikana. Nilijisema: Octave, umekaza mpaka ukamng'oa.

Jumapili nilikuwa natoka kanisani simu ikalia. Nilikimbia nayo nyuma ya ukuta ili watu wasinione uso.

"Papa, tulifika. Haijadondosha hata tone moja. Harusi ilikuwa muzuri sana, Mama Régina amecheza mupaka kiatu kimekatika."

"Asante Mungu," nikasema. Nilitaka kuuliza jambo moja tu, nikaishia kuuliza kama mchele ulitosha.

"Sikia. Hapa nimepata kazi ya magari mawili, moja iko na bwate mubaya kabisa. Nimewaambia wayalete Kasongo. Yatafika Jumanne pamoja na mimi. Yakitangulia mbele yangu, Papa, usiguse kitu! Hata bulo moja! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Sitagusa!" nikapiga kelele, na watu wa kanisa wakageuka.

Katekista akaja kuniuliza nagombana na nani siku ya Bwana. Nilimwambia nagombezwa na mwanangu, na kwamba anarudi nyumbani Jumanne.