Shuka Kidogo Nione Bati

Mama mkwe wangu haombi kitu. Yeye husema tu, na watu wa nyumba ile huinuka. Kwa hiyo aliposema anataka kuiona nyumba yake kutoka angani, hakuna aliyeniuliza mimi, mwenye kindege na mwenye leseni, kama nina nafasi. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshamfunga mama yake kofia.

Kindege chenyewe hakina makuu: bawa la turubai, magurudumu matatu, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini mgongoni. Ndicho kinachonilisha. Huzunguka nacho juu ya mashamba ya watu nikitafuta mahali ambapo maji hayafiki, na kazini nina mwiko mmoja: sishuki chini sana. Injini ikizimika ukiwa juu, unapata muda wa kutazama huku na huku ukachagua pa kutua. Ukiwa chini, unachukua kilichopo mbele yako, kiwe uwanja au kiwe ukuta. Wateja wamenibembeleza, wengine wamenifokea, na wote nimewakatalia bila kupepesa macho.

Mama mkwe hakubembeleza. Tulipofika juu ya mtaa wao alinigonga begani, na sauti yake ikanijia masikioni kupitia spika za kofia. Bati halionekani vizuri, alisema, nishuke kidogo. Nikashuka. Akasema bado, anataka kuona kama yule fundi aliyeliezeka alimdanganya kule kwenye kigongo cha paa. Nikashuka tena, meno nimeyauma, najichukia, kwa sababu tangu niolewe sijawahi kumwambia mama huyu hapana, hata siku aliyolipangua jiko langu lote na kulipanga upya nikiwa kazini. Tulipita juu ya paa karibu kiasi cha kuona misumari. Akacheka kwa raha. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka mbele yangu, na kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Kisha injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Baadaye fundi wa injini alikuta uchafu ndani ya mpira wa mafuta, kitu kidogo tu kama punje ya mchele. Wakati ule sikujua, wala sikuwa na haja ya kujua. Niliuvuta usukani kifuani ili pua ielekee chini, maana kindege kisicho na injini kinaishi kwa mwendo. Ukiking'ang'aniza kibaki juu, kinadondoka kama gunia. Mbele yetu kulikuwa na safu ya nguzo za umeme, na ng'ambo yake shamba lililolimwa. Nyaya huzioni mpaka zikufikie. Unaziona nguzo, mengine unakisia.

"Geuza," mama mkwe alisema. "Barabara hiyo hapo nyuma. Geuza."

Barabara ilikuwa nzuri kweli, pana na tupu. Lakini kugeuza ukiwa chini vile ni kulilaza bawa mpaka liguse ardhi, na nimewazika wenzangu waliojaribu. Kabla sijafungua mdomo alinishika bega akanivuta kwa nguvu zake zote. Mikono yangu ikafuata, na bawa likaanza kulala upande wake.

"Hapana, mama. Niachie."

Hakuniachia.

"Niachie, au tunakufa wote wawili."

Sauti yangu hiyo haikuwa ya mke wa mwanawe. Mkono wake ukatoka begani.

Hatukuwa na mwendo wa kuziruka nyaya, kwa hiyo nilipita chini yake, nimeinamisha kichwa kana kwamba kichwa changu ndicho kirefu kuliko bawa. Magurudumu yakagonga matuta, la mbele likazama, tukazunguka na kulala ubavu, na bawa likavunjika kwa kishindo. Nilimfungua mkanda. Alikuwa mzima, mdomo umepasuka, kiatu kimoja hakijulikani kilipo.

Tulikaa juu ya tuta. Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani wakija mbio. Alijifuta damu, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini isiyo na hasira yoyote:

"Kumbe unaweza kunikatalia. Mbona hukunikatalia mapema, niliposema ushuke?"

Ningeweza kumjibu kwa adabu. Lakini adabu nilikuwa nimeichoka, nusura ituue.

"Nilikuogopa wewe kuliko kuanguka, mama."

Watu walifika, wakauliza ni nani aliyekuwa anaendesha, na kama tumeumia. Mama mkwe alijifunika uso kwa viganja akaanza kulia, na mimi, bado nina hasira, nikakaa naye palepale nikamwacha alie.